Mbuzi wa Kumi kwa Moja

Kivuva alikuwa tarishi, na mtu asikudanganye kwamba alikuwa kitu kingine. Yeye mwenyewe angekudanganya, tena kwa Kiingereza. Alivaa suti iliyoachwa na mzungu mmoja aliyerudi kwao, akafunga tai hata siku za jua la utosi, na kila asubuhi akapanda baisikeli kutoka Dagoretti Kona mpaka katikati ya mji, suruali ameibana kwa vibanio vya nguo isiliwe na mnyororo. Kazi yake ilikuwa kupeleka bahasha, kufungua madirisha na kuchemsha chai. Lakini ungekutana naye jioni Ngong Road, gazeti la Kiingereza kwapani, ungeapa kwamba kampuni nzima haifungui mlango mpaka yeye afike.

Ilikuwa kampuni ya bima, na mkubwa wake alikuwa Bwana Hartnell, mzungu wa uso mwekundu aliyependa mbio za farasi kuliko alivyopenda bima. Huyu Hartnell alikuwa na msemo wake, haumtoki mdomoni. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atatazama dirishani aseme, "Ten to one." Ukimuuliza kama meli ya barua imefika Mombasa, "Ten to one." Mke wake akipiga simu kuuliza kama atakula nyumbani, jibu ni lilo hilo. Kivuva aliusikia msemo huo mwaka baada ya mwaka, akautamani kama mtu anavyotamani kofia ya mwenzake.

Siku moja farasi wa Bwana alikuwa ameshinda, na bwana mwenyewe alikuwa na moyo mweupe. Kivuva akaweka chai mezani, akakohoa kwa adabu, akauliza maana yake.

"Hii maneno ya farasi, Kivuva," alisema Hartnell, kwa kile Kiswahili chake cha kuvunjia mawe. "Mimi nasema farasi hii tashinda. Wewe nasema hapana. Mimi naweka kumi, wewe naweka moja tu. Kumi kwa moja. Maana yake mimi naamini sana, sana."

"Na bwana akikosa?"

"Kule kwa farasi, nalipa." Hartnell akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. "Lakini kwa maneno ya mdomo, hapana lipa mtu."

Kivuva alitoka na trei yake kama mtu aliyebatizwa. Kumbe ndiyo siri. Mzungu akisema mvua itanyesha, ikinyesha, si alisema? Isiponyesha, si aliacha ile moja? Hakosi mvua wala jua. Watu wetu wakisema ndiyo wamejifunga kamba shingoni, wakisema la wamefanya adui, na huku mwenzao amekaa katikati kwenye kiti cha mto anakunywa chai. Ndiyo maana wanatawala, aliwaza Kivuva, na akaona ni aibu kwamba hakuna mwalimu wa misheni aliyewahi kumfundisha jambo hilo.

Wala usidhani msemo huo ulikuwa haujawahi kumgusa yeye. Kivuva alitaka kiti cha karani. Alijua kusoma, alijua kuandika, mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa yule kijana wa Kizungu aliyekuwa akiandika huku anapiga mluzi. Kila mwaka ukielekea kwisha alimuuliza bwana, na kila mara bwana akamjibu kwa upole, "Ten to one, Kivuva. Mwaka kesho." Kila Januari kiti kikapata mtu mwingine, na mtu huyo akamtuma Kivuva sukari. Mtu mwenye akili zake angekasirika. Kivuva alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba, bahati mbaya, mwaka huu imetoka ile moja.

Mkewe aliitwa Nzula. Alifua nguo za Wazungu kule Woodley, na sabuni ya magadi ilikuwa imemla vidole mpaka akishika sindano ananyonya hewa kwa meno. Nzula hakuwa na Kiingereza, na hakuwa na subira nacho.

"Baba Kavata," alisema, "nimekuuliza kama utaleta mafuta ya taa. Hiyo si farasi."

"Kumi kwa moja nitaleta, Mama Kavata."

Wakala gizani.

Lakini huko nje, kwenye vile vyumba vya mabati vya Dagoretti Kona, msemo ulimpandisha cheo. Jirani akitaka kujua kama mkewe atajifungua mvulana, alikwenda kwa Kivuva, na Kivuva akafumba jicho moja akasema kumi kwa moja ni mvulana. Alipozaliwa msichana akamwuliza jirani, je, si nilikuambia kuna moja? Jirani akakubali, akaona huyu mtu ana kitu. Wakamwita Kumi-kwa-Moja. Wengine walikuwa wanamcheka, wengine walimwamini, naye hakujishughulisha kutenganisha.

Sasa njoo kwa Kavata, maana ndiye aliyelipia elimu hii. Kavata alikuwa binti wao wa pekee, msichana mrefu, mkimya, aliyemaliza darasa la nane akawaacha wavulana nyuma. Misheni ya Machakos ilikuwa tayari kumpokea Januari asomee ualimu. Sharti lao lilikuwa moja tu: baba mtu aje mwenyewe kabla ya mwaka kwisha, asimame mbele yao, aseme kwamba binti yake anakuja na kwamba hataolewa katikati. Walikuwa wameshapoteza wasichana wengi kwa mbuzi, wakachoka.

Kavata alimfuata babake nje, akamkuta anapaka mafuta mnyororo wa baisikeli.

"Baba, utanipeleka Machakos?"

Kivuva alimtazama. Alimpenda mtoto huyu, hilo tusimnyime. Alipomtazama akasikia kifua kimejaa, na neno lililofaa lilikuwa fupi, herufi chache tu, hata mtoto mchanga hulisema kwa kichwa. Akasema, "Kumi kwa moja, mama yangu."

Kavata aliitika vizuri, akarudi ndani. Viatu vya shule navyo aliwahi kuahidiwa kumi kwa moja, na alikwenda shule miguu mitupu mpaka darasa la sita. Alijua hesabu ya nyumba ile.

Hazikupita wiki nyingi akaja Mwanzia. Huyu Mwanzia alikuwa muuza makaa, mjane, na umri wake ulikuwa umemkaribia Kivuva kiasi cha kuweza kusalimiana kama watu wa rika moja. Alikuwa na ghala Ngara na malori mawili yaliyoleta makaa kutoka Ukambani, na hata akioga kutwa kucha vidole vyake vilibaki na mistari myeusi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa neno moja, kama wengi wanaouza kitu kwa kipimo: gunia limejaa au halijajaa. Alimwona Kavata kanisani, akamtaka, akaja kwa mlango wa mbele kama inavyopasa.

Na kabla hajauliza, alifanya wema. Ilikuwa majira ya mvua, na lori lake lilipita Dagoretti Kona asubuhi. Akampa Kivuva lifti mpaka mjini, amekaa mbele karibu na Mwanzia mwenyewe kwenye usukani, suti haijaguswa na tope. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Utamwambiaje mtu la wakati magoti yako yana joto la injini yake?

"Mzee Kivuva," Mwanzia aliuliza, wamesimama kwenye msongamano wa magari, "nikileta mbuzi wa ntheo, wa kumposa Kavata, nitakubaliwa?"

"Kumi kwa moja," alisema Kivuva, "utakubaliwa."

Mwanzia alizima injini kwa furaha, mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Kwake yeye, mzazi akitamka kumi, basi ni kumi. Siku iyo hiyo akaanza kutafuta mbuzi.

Nzula aliposikia, aliweka chini pasi ya makaa, akajifuta mikono polepole.

"Kumi umempa Kavata. Kumi umempa Mwanzia. Wewe umebaki na nini?"

"Wewe hujui Kiingereza, Mama Kavata."

"Mimi najua fisi. Alifika penye njia panda, akasikia harufu ya nyama huku na huku, akapitisha mguu huku na mguu huku. Walimkuta amepasuka."

Kivuva alicheka, lakini usiku hakupata usingizi mzuri. Alijipa matumaini. Labda Mwanzia ataona mwanamke mwingine. Labda Kavata atapenda lori. Labda misheni itaungua, Mungu apishe mbali. Mtu asiyetaka kuchagua huwa na labda nyingi, na kila moja huifuga kama kuku akiamini itataga.

Haya, siku ikafika, Jumamosi moja ya Novemba. Kutoka Mbooni alikuja Mukonyo, kaka mkubwa wa Kivuva na msemaji wa ukoo, mzee mfupi mwenye koti la jeshi na kisu cha ukoo kiunoni. Viti viliazimwa kanisani. Mwanzia alikuja na wazee wake, amevaa koti lililopigwa pasi mpaka likang'aa, na mbuzi watatu wakafungwa kwenye ua wa nyuma. Nzula alipika, hakusema na mtu.

Sasa desturi ya ukoo wao ilikuwa hivi. Mbuzi wa ntheo akichinjwa na nyama ikaliwa, msichana ni mke wa mtu, na hakuna mkono utakaomrudisha. Kwa hiyo kisu hakiguswi kabla baba hajamuuliza binti yake mbele ya wote, mara tatu: tule? Akisema tule, damu inamwagika. Akisema la, mbuzi wanakwenda kwao na watu wanaagana kwa amani. Lakini tangu zamani kuuliza huko kulikuwa heshima tu, kwa sababu baba mwenye akili alishaulizana na binti yake chumbani, wakakubaliana, na uani ni kutimiza. Kivuva hakumuuliza. Kila alipotaka kumuuliza, aliona baisikeli inahitaji mafuta.

Akasimama, akaweka tai sawa. Kavata alisimama mbele yake na leso mabegani.

"Binti yangu," Kivuva alisema, na sauti yake haikuwa yake, "watu hawa wametuletea mbuzi. Tule?"

Kavata aliwatazama mbuzi. Akamtazama Mwanzia, aliyekuwa anajaribu kuficha vidole vyake. Akamtazama baba mkubwa aliyetoka mbali. Akisema la, amemvua babake nguo mbele ya ukoo. Akisema tule, Machakos imekwisha leo hii, kabla ya chakula cha mchana.

"Kumi kwa moja, baba," alisema.

Mbuzi mmoja akalia.

"Amesema nini?" aliuliza Mukonyo.

"Amesema..." Kivuva alilegeza tai. "Ni msemo wa Kizungu, kaka. Maana yake ni karibu ndiyo."

"Karibu ndiyo?"

"Karibu kabisa."

Mukonyo alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kudharau kitu kwa sababu tu hakijui. "Ndugu yangu," alisema, "mimi nimechinja mbuzi tangu utoto. Mbuzi hachinjwi karibu. Huchinjwa akafa. Muulize tena."

Kivuva akauliza tena. Kavata akajibu vilevile, kwa heshima ileile, macho chini. Mara ya tatu Kivuva alisahau wageni, akamfokea.

"Kavata, sema neno moja. Ndiyo ama la."

"Baba, nimejibu jinsi tunavyojibiwa hapa nyumbani."

Mzee mmoja wa upande wa Mwanzia alitazama viatu vyake. Nzula alijifunika uso kwa leso, na mabega yake yalitikisika, na mpaka leo hakuna anayejua kama alikuwa analia au anacheka.

Basi Mukonyo akamgeukia mdogo wake. "Mtoto hana neno kwa sababu hajapewa. Tuambie wewe uliyemzaa. Ulimkubalia huyu bwana, au hukumkubalia?"

Kila mtu alimtazama Kivuva. Hata majirani juu ya ua walimtazama, wale wale aliowatabiria wavulana. Alifungua mdomo. Upande mmoja aliona joto la injini, upande mwingine aliona mtoto amesimama miguu mitupu njia ya shule. Alitaka kusema la. Ulimi ukatafuta neno hilo, ukalikosa, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye koti la mwenzake.

"Kwa kweli," alisema, "ukiangalia sana... ni kama kumi kwa..."

"Na hiyo kumi," alikatiza Mukonyo, "ukikosa, nani analipa?"

Kivuva alikumbuka chai iliyomwagika kwenye kisahani. "Kwa maneno ya mdomo," alijibu kwa sauti ndogo, "halipi mtu."

"Kwa Wazungu," alisema Mukonyo, akarudisha kisu kwenye ala. "Kwetu mbuzi waliokaribishwa na mdomo bila moyo hurudishwa na mwenye mdomo. Kwa miguu yake. Wapeleke kwa mwenyewe, na ukipata neno ulilete."

Mwanzia hakutukana mtu. Aliinuka na wazee wake, akapanda lori lake, na ndani ya lori hilo palikuwa na nafasi ya mbuzi mia. "Nitawasubiri Ngara," alisema, akaondoka.

Kwa hiyo tazama Bwana Kumi-kwa-Moja anavyoteremka Ngong Road, suti ya mzungu, tai ya bluu, kamba tatu mkononi. Mbuzi mmoja alitaka kwenda mbele, mmoja alitaka kula majani ya kila lango, wa tatu alilala chini katikati ya barabara akakataa serikali. Wapishi wa Wazungu walitoka malangoni kumtazama. Mmoja aliyemfahamu akamuuliza kama atafika Ngara leo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Kivuva hakutoa utabiri.

Na kama shetani alivyopanga, ilikuwa siku ya mbio. Magari ya Wazungu yaliyokuwa yanapanda kwenda uwanja wa farasi yalikuwa yamepanga foleni, na askari wa barabarani amesimama na mikono yake myeupe. Katika gari la tatu, kioo kiko chini, alikuwa Bwana Hartnell na bibi yake mwenye kofia ya maua. Hartnell aliona suti kabla ya kuona mtu.

"Yule si boi wangu wa ofisini?" alimwambia mkewe kwa Kiingereza, akicheka. "Ten to one amewaiba."

Kivuva alielewa kila neno. Hiyo ndiyo faida ya elimu. Alisimama na mbuzi wake, akangoja bwana ageuke aseme ni mzaha, huyu ni Kivuva, namjua, ni wa chai yangu. Foleni ikasogea. Hartnell akapunga mkono kwa furaha, gari likaenda, vumbi likabaki.

Askari alikuwa amesikia naye. Kiingereza chake hakikuwa kirefu, lakini neno la kuiba kila askari hulifahamu kwa lugha yoyote. Akavuka barabara.

"Wewe. Kibali ya mbuzi iko wapi?"

"Sina, afande. Ninawarudisha kwa mwenyewe."

"Bwana mkubwa amesema umeiba."

"Hapana, afande. Amesema kumi kwa moja. Huo ni msemo tu. Maana yake si kwamba nimeiba, maana yake anafikiri karibu nimeiba, lakini hana hakika. Kuna ile moja, afande, ameiacha."

"Vizuri," alisema askari, akachukua kamba za mbuzi. "Hiyo moja utaieleza kituoni."

Akalala kituoni, mbuzi wamefungwa nje wanakula maua ya inspekta. Kivuva alikaa kwenye sakafu ya saruji, tai imechukuliwa asije akajinyonga nayo, na kwa mara ya kwanza akaupima ule msemo kutoka upande wa pili. Kule juu, mezani kwa bwana, kumi ilionekana kubwa na moja ilionekana ndogo, kitu cha kuchekea. Huku chini alikuwa yeye ndiye farasi. Alifikiri juu ya kiti cha karani. Alifikiri juu ya Kavata akirudi ndani polepole, ameitika vizuri. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio.

Asubuhi lori la makaa likasimama mbele ya kituo. Mwanzia alikuwa amengoja mbuzi mpaka jua likatua, na habari ilipomfikia akapitia Dagoretti Kona. Akashuka na Mukonyo, na nyuma yao Kavata amebeba birika la uji. Sajini alimtoa Kivuva nje, akamsimamisha kando ya mbuzi.

"Wewe ndiye Mwanzia? Mbuzi hawa ni wako? Ulimpa mtu huyu, ama amekuibia?"

Mwanzia alimwangalia Kivuva, shati limekunjamana, shingo haina tai. Akajikuna kidevu.

"Kumi kwa moja, afande," alisema. "Karibu nilimpa."

"Karibu?" aliuliza sajini, akatoa tena funguo za selo.

"Mwanzia," Kivuva alisema. "Ndugu yangu. Unajua mbuzi ni wako."

"Najua. Na wewe ulikuwa unajua." Mwanzia alisogea karibu, na sasa hakuwa anatania. "Mimi sikuja kwako kuomba binti tu. Nilikuja kuomba neno. Ningekubaliwa, ningefurahi. Ningekataliwa, ningekwenda zangu, mimi ni mtu mzima, nimeshazika mke, sitakufa kwa la. Lakini wewe umenikalisha mbele ya wazee wangu na koti langu jipya, umenifanya mchezo. Nataka la yangu. Nipe la yangu, nami nitampa afande ndiyo yake."

Kavata alishika birika kwa mikono miwili. Kivuva alimtazama binti yake, na safari hii hapakuwa na baisikeli ya kujificha nyuma yake.

"La, Mwanzia," alisema. Sauti ilitoka na kutu. Akairudia ili kaka yake asikie. "La. Sikupi. Sikuwa na nia ya kukupa, na sikukuambia, kwa sababu nililipenda lori lako. Kavata anakwenda Machakos Januari. Wiki hii nitakwenda misheni niseme kwa mdomo wangu, na siku ya kwenda nitampeleka mimi mwenyewe."

Ilimuuma Mwanzia, na hakuficha kwamba ilimuuma.

"Asante," alisema. "Ungesema hivyo wakati wa mvua, saa hii ningekuwa nimeshaoa." Akamgeukia sajini. "Mbuzi ni wangu, afande. Nilimpa kwa mkono wangu."

Mbuzi walipanda lori pamoja na Mukonyo, aliyekuwa anakwenda kupanda basi la Machakos. Kivuva alikunywa uji, akashukuru, akarudi Dagoretti Kona kwa miguu, binti yake kando yake. Njiani Kavata alimuuliza kama viatu vinahitajika kule misheni, akajibiwa ndiyo, na Jumanne vikaja.

Jumatatu Bwana Hartnell alikuwa bado anacheka. Alitaka kujua mbuzi wako wapi. Kivuva aliweka chai mezani, lakini hakuondoka.

"Bwana, kiti cha karani. Nitapewa ama sitapewa?"

"Ten to..."

"Hapana farasi, bwana. Ni mimi."

Hartnell alikoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka. Alitazama dirishani kama anayetafuta mvua, na mvua haikuwapo. Uso wake ulizidi wekundu.

"Hapana, Kivuva," alisema mwishowe. "Ofisi hii hapana weka Mwafrika kwa kiti ile."

"Asante, bwana," alisema Kivuva, na alishukuru kweli, maana ile hapana aliikuta inabebeka kuliko kumi zote alizowahi kupewa. Akachukua trei. Akamwarifu bwana kwamba Januari atampeleka binti yake Machakos, na siku hizo bwana atajichemshia chai. Hakuomba ruhusa, aliarifu tu.

Hartnell aliweka kikombe chini. Alikuwa hajui majani ya chai huwekwa wapi.

"Lakini utarudi, Kivuva?"

Kivuva alisimama mlangoni, akaweka tai yake sawa.

"Ten to one, sir," alisema, akafunga mlango.